Wanyama wa Nyuma ya Mlango

Jumamosi iliyopita nilirudi Gongo la Mboto na mama kuchukua mlango. Wewe rafiki yangu unanijua, unajua kwamba siendagi kule. Tangu tuhamie Kiwalani kwa mama mkubwa, nikiwa bado shule ya msingi, nimekuwa nikizunguka mbali ili nisipite mtaa ule, na nikitajiwa ile nyumba nabadilisha mazungumzo kwa kukaa kimya, maana ndiyo njia pekee ninayoijua ya kubadilisha mazungumzo. Lakini mzee wa dukani, aliyekuwa mwenye nyumba wetu, alimpigia mama simu. Nyumba imechorwa X kwa ajili ya upanuzi wa barabara, akasema, na yeye hataki kusubiri mashine, anaibomoa mwenyewe aokoe bati na matofali. "Njoo uchukue mlango wako, mwanangu. Mie nikifa na kitu cha mtu nitajibu nini huko?"

Mlango kweli ulikuwa wa mama. Ule wa kwanza uliliwa na mchwa, akachongesha mwingine wa mninga kwa fundi wa Pugu Kajiungeni, mzito mpaka ukifunguliwa nyumba nzima inajua nani kaingia. Tulipofika, vijana wawili walikuwa wameshaezua nusu ya paa. Jua lilikuwa limeingia hadi sebuleni, mahali ambapo halikuwahi kufika tangu nizaliwe. Fundi mmoja, mrefu, amejifunga fulana kichwani, akaanza kufungua skrubu za bawaba huku mwenzake ameushikilia mlango. Ukatoka. Na nyuma yake, kwenye ule upande wa ukuta ambao mlango ukiwa wazi huwa unaufunika, wakaonekana wanyama wetu wote. Wapangaji waliotufuata walikuwa wamepaka sebule nzima rangi ya kijani, ila nyuma ya mlango waliona wasijisumbue.

"Oya," fundi mrefu akamwita mwenzake, "njoo usome. Hapa kulikuwa na mbuga."

Akaanza kusoma kwa sauti, kidole ukutani. "Ngiri, mama na watoto. Nyani, mwizi wa ndizi. Tembo, makalio tu."

"Makalio tu?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, braza. Tembo, makalio tu."

"Huyo alikuwa mganga. Hiyo ni orodha ya dawa."

"Sasa makalio ya tembo ni dawa ya nini?"

"Ya fundi anayechelewa kazini. Unachanjwa mgongoni."

Wakacheka, na jirani mmoja aliyekuwa anapita na ndoo ya maji akachungulia naye asome. Mie nilikuwa naangalia viatu vyangu. Ile aibu siwezi kukueleza, ni kama kuvuliwa nguo mtaani na watu waanze kujadili mishono. Halafu fundi mrefu akamgeukia mama, kwa adabu kabisa.

"Shikamoo mama. Haya mambo mliandika nyie?"

"Marahaba," mama akasema. "Hapana. Ni wapangaji."

Akasogea karibu, akapitisha macho toka juu mpaka chini, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo. Halafu akasema chini chini, sijui kwa nani, "Na chui hayumo." Akanigeukia. "Shika huku, mlango mzito."

Nataka nikusimulie ule ukuta, maana hadi unasoma hapa umeshakuwa kifusi. Na kuna ahadi moja ilitoka kwenye ukuta ule, nimeishi nayo sekondari yote: kwamba nikimaliza kidato cha nne baba atakuja kunichukua, tutapanda basi, tutaendelea pale tulipoachia. Kidato cha nne nimemaliza mwezi uliopita.

Baba alikuwa karani wa ghala, na kwao ni Iringa. Kila Desemba ghala likifunga tulienda kwa bibi, na kila Januari tulirudi. Mtaa wetu ulikuwa na watu wengi wa bara, kwa hiyo Krismasi ikikaribia milango inafungwa mmoja mmoja, na mzee wa dukani anabaki na paka wake na redio. Yeye ukoo wao ni Waarabu wa siku nyingi, duka alirithi kwa baba yake, na alikuwa anasema hajawahi kuvuka Chalinze wala hana sababu ya kuvuka. Sasa barabara ya kwenda Iringa inakatiza katikati ya mbuga ya Mikumi. Hata kama hujawahi kuwa mtalii maishani mwako, ukipanda basi la Iringa unaona wanyama, alimradi usilale. Baba ndiye aliyeanzisha kuwaandika. Sijui ilianzaje, nilipopata akili nilikuta ukuta umeshaanza, kwa wino ule mweusi mzito wa kuandikia maboksi ghalani. Mama alikubali kwa sharti moja tu, kwamba uchafu wao ukae nyuma ya mlango.

Sheria zilikuwa za baba. Mnyama awe hai, aliyegongwa hahesabiki, anahurumiwa tu. Awe wa porini, mbuzi wa njiani hana nafasi. Usiyemjua jina unamwandika sura mpaka jina lipatikane, ndiyo maana pale ukutani kulikuwa na "ndege mkia mkasi" na "kitu kama paka mrefu", ambaye baadaye mzee wa dukani alituambia ni fungo, kwa maelezo tu, bila kumwona. Na kila mwaka unaanza patupu. Nilikuwaga nalalamika, kwa nini pundamilia wa mwaka jana asihame na sisi? "Wa mwaka jana ameshaliwa," baba alikuwa anasema. "Tafuta wako."

Tena kwa sababu tulikuwa tunaenda mwisho wa mwaka na kurudi mwanzoni, mwaka wetu ulikuwa umepinduka: unaanza na kurudi, unaisha na kwenda. Tukirudi Januari, baba kabla hata ya kuvua viatu anaandika wale wa Desemba aliokuwa amewabeba kichwani, anapiga mstari chini yao, mwaka umefungwa. Pembeni anaandika mwaka mpya, na chini yake wale wa kurudi. Halafu inabaki nafasi tupu ya kusubiri Desemba. Mie nilikuwa napenda ile nafasi tupu kuliko hata majina. Nikitumwa kufagia sebule nafunga mlango nusu, naiangalia, naendelea kufagia.

Siku ya kusafiri ilikuwa inaanza jana yake. Mama anakaanga kuku na kuchemsha mayai, anaumua maandazi ya hiliki kwenye beseni lililofunikwa khanga, na mie kazi yangu ni kuyageuza kwenye mafuta yasiungue, nikiungua mwenyewe. Sweta zinatolewa kwenye sanduku zikiwa na harufu ya naftalini, tunazianika uani, majirani wanajua kesho tunaondoka. Alfajiri tunaamshwa na wanajeshi wa kambi ya jirani wakipita na mchakamchaka wao, wimbo unakuja, unakaribia, unapita nyuma ya nyumba, unaisha kuelekea Pugu. Tukitoka, mzee wa dukani alikuwa tayari kibarazani kwake ametoka kuswali, kofia kichwani.

"Haya karani," anamwambia baba, "unampeleka mkeo kutapika na mtoto kuhesabu punda waliochorwa."

"Pundamilia, mzee."

"Ni punda tu. Kachorwa. Na kwenye ukuta wangu mnafuga tembo bila kunilipia kodi yake."

Lakini tukirudi Januari ndiye wa kwanza kuuliza. Anakuja mpaka mlangoni, anavua ndala, ananyoosha shingo nyuma ya mlango, ananiambia nisome. Mie ambaye mbele ya watu sauti yangu inakatika, kwake nilikuwa nasoma yote. Ananiletea kashata kwenye kipande cha gazeti.

Baba alikuwa anakata tiketi za viti viwili upande wa kushoto na kimoja kulia. Watu wanafikiri wanafamilia hawapatani. Mie na mama kushoto, yeye ng'ambo ya ujia, dirisha la kulia, kila mtu na upande wake wa dunia. Mama alikuwa anameza kidonge cha kichefuchefu stendi, kabla ya Chalinze ameshalala, kichwa kinagonga kioo. Tunapita Morogoro, basi linasimama watu wakachimbe dawa, kina mama wanaenda kichaka cha huku na kina baba cha kule, tunarudi tunakula mayai. Halafu mashamba yanaanza kupungua, na baba anakaa wima.

Mbugani ukiingia kuna bango limeandikwa wanyama na faini ya kumgonga kila mmoja. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni bei, yaani ukitaka twiga unalipa unabeba. Baba hakunisahihisha kwa muda mrefu sana. "Mwaka huu tembo amepanda," ananinong'oneza akivuka ujia, "tuchukue ngiri."

Nikuambie kitu kuhusu baba. Ni mtu wa aibu kama mie, au mie ndiye nimekuwa kama yeye. Nyumbani tuliweza kukaa sebuleni jioni nzima, yeye na redio, mie na daftari, hatujasema neno zaidi ya "niletee maji". Kuulizana habari za shule kulikuwa kunatuumiza wote wawili. Lakini basi likipunguza mwendo pale, yule mtu alikuwa anafunguka. "Kwako kuna nini?" "Swala, wengi." "Dume au jike?" "Lina pembe." "Kwangu nyati, yuko peke yake, kachoshwa na ndoa." Abiria wanacheka, konda anaongeza yake, anasema yule nyati ni mjomba wake. Mie nilikuwa najibu kwa sauti, mbele ya basi zima. Mwaka mzima nilikuwa naisubiri ile sauti yangu. Sina kumbukumbu ya baba akinikumbatia wala akiniita jina la kubembeleza, ila naikumbuka "kwako kuna nini", na mpaka leo sidhani kama kuna mtu ameniuliza kitu na kutaka jibu kiasi kile.

Chui ni wa mwaka mmoja tulipokuwa tunarudi. Kulikuwa na twiga watatu upande wa kulia, wakubwa, karibu kabisa na lami, mie nimesimama kwenye ujia, nimemwegemea baba tunawaangalia. Nyuma yangu mama akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayesema chumvi imeisha: "Chui."

Tulipogeuka yalikuwepo majani tu.

"Ulikuwa unaota," baba akasema.

"Nimemwona. Amevuka mfereji pale. Mkia ameukunja kwa juu."

"Chui mchana kweupe? Kando ya lami?"

Abiria wa nyuma akadakia, "Dada, huyo ni paka wa pale tulipokunywa chai. Ametufuata, hajaridhika na mifupa." Basi zima likacheka. Baba naye akacheka. Nami nilicheka, kwa sababu baba alicheka.

Tulipofika nyumbani mama aliweka mizigo chini akasimama nyuma ya mlango, mahali ambapo hajawahi kusimama. Baba anaandika, yeye anamwangalia. "Andika na chui."

"Siwezi kuandika kitu ambacho sikukiona."

"Nimekiona mie."

"Peke yako. Na ulikuwa umetoka usingizini."

"Kwani huu ukuta ni wa kwako?"

"Ukuta ni wa mzee wa dukani," baba akasema, akidhani anatania.

Mama akaenda jikoni. Mzee wa dukani alipokuja kusikiliza habari akakuta hali hiyo, akadodosa mpaka akapata chanzo, akamwambia baba maneno ambayo nimeyakumbuka miaka yote: "Karani, mwandikie mkeo chui wake. Chui mmoja hali ukuta." Baba akacheka, akafunika kalamu yake. Hakuandika. Kwenye mambo ya orodha alikuwa mtu wa haki, ndivyo nilivyoona wakati ule, na nilijivunia kuwa na baba ambaye hadanganyi hata kwa ajili ya mkewe. Siku hizi nafikiri vingine, lakini sikuwepo kwenye ndoa yao, nilikuwepo kwenye orodha tu.

Ghala lilipofungwa moja kwa moja, baba alihangaika kidogo na vibarua vya huku na kule, halafu akasema Desemba ile tukienda yeye atabaki. Bibi amezeeka, kuna shamba la miti ya mbao la kuangaliwa, akijipanga atatuita. Hakuna aliyegombana. Tulienda kama kawaida, maandazi, sweta, kila kitu, na Mikumi tuliona tembo, ndiyo yule wa makalio, alikuwa anaingia kichakani hakutaka habari zetu. Baba alicheka mpaka akafuta macho. Januari alitusindikiza stendi ya Iringa, kuna baridi, moshi unamtoka mdomoni. Akaja mpaka chini ya dirisha langu. Nilijua anatafuta neno, nami nilikuwa natafuta langu.

"Wewe sasa ndiye karani," akasema. "Angalia pande zote mbili."

Nilijaribu, rafiki yangu. Nilikuwa nakimbia kutoka dirisha hili mpaka lile, naomba radhi watu, nakanyaga miguu yao, mpaka konda akaniambia sista kaa chini utaanguka. Mama siku ile hakumeza kidonge. Hakulala, alikaa macho makavu yameangalia mbele, kwenye kioo cha dereva, mbuga nzima. Nikimwambia, "Mama, pundamilia," anasema, "Haya." Nikimwambia, "Mama, kanga wengi," anasema, "Haya." Nyumbani nikapanda stuli, nikaandika wale wa kwenda, nikapiga mstari, nikaandika mwaka mpya na wale wachache wa kurudi. Mwandiko wangu ulionekana wa kitoto chini ya ule wa baba. Mzee wa dukani alikuja, akasikiliza, akanipa kashata, hakutania kitu. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo.

Mwanzoni baba alikuwa anapiga simu Jumapili, mama ananipa mie moja kwa moja bila kuongea naye. Aliniambia wanyama aliowaona akipita na lori la mbao. Sikuwaandika. "Tutawaandika ukija," nikamwambia. Desemba ikafika akasema mambo hayajakaa sawa, mwakani. Ile nafasi tupu ikabaki tupu. Mwakani yake mama akashindwa na kodi ya vyumba viwili, tukafunga virago kwenda Kiwalani, na mlango tukauacha pale, mzito, hakuna pa kuuweka. Simu zikawa za sikukuu tu, halafu za baadhi ya sikukuu. Lakini nilipofaulu kuingia kidato cha kwanza alipiga. Alikuwa na furaha ya kweli, naijua sauti yake. Akasema, "Soma. Ukimaliza form four nakuja kukuchukua mwenyewe. Tutapita Mikumi taratibu, tutamalizia ule mwaka."

Ule mwaka. Hakusahau. Nilisoma kwa neno hilo.

Shuleni waliniita bubu, si kwa ubaya sana. Siku moja mwalimu wa baiolojia akauliza, nani amewahi kuona mnyama wa porini kwa macho yake, si kwenye televisheni. Mbele yangu msichana mmoja akanyoosha kidole akasema kenge, darasa likaanguka kicheko. Mwalimu akatikisa kichwa. "Watoto wa Dar nyie, simba mnamjua kwenye jezi tu." Mie nilikuwa na ukuta mzima kichwani, mwaka kwa mwaka, dume na jike. Kidole changu hakikunyanyuka. Nilijiambia subiri, utamwambia anayestahili, akija.

Basi, mtihani ukaisha. Desemba hii ilipoingia nikachukua sweta kwenye sanduku, nikalifua, nikalianika. Jirani yetu wa Kiwalani, mama muuza vitumbua, akasimama na sinia lake. "We mtoto, sweta kwenye joto hili? Unaumwa malaria au unaolewa Ulaya?" Nikatabasamu tu. Mama aliliona likining'inia pale, akaliondoa lilipokauka, akalikunja, akaniwekea kitandani. Hakuuliza. Mama mkubwa naye akaanza kuuliza, mama akamkatiza, "Dada, mwache." Nilidhani ni ruhusa.

Ndipo ikaja Jumamosi ya mlango. Tuliupakia kwenye guta la magurudumu matatu, mama anatembea upande mmoja mie upande wa pili tumeushika, na nyuma yetu tukasikia nyundo ya kwanza. Sikupiga picha. Simu ya mama ilikuwa mkononi mwangu na sikupiga, kwa sababu wale mafundi wangejua maandishi yale ni yangu. Lakini nilikuwa na habari sasa, nilikuwa na sababu ya kumpigia baba mwenyewe, mie niliyezoea kupigiwa. Nilipanga maneno njia nzima. Nitamwambia ukuta haupo ila nimewashika wote kichwani, tutapata ukuta mwingine. Nilitaka kumwambia na ile ya fundi kuhusu makalio ya tembo, acheke.

Jioni mama akiwa kibarazani anachagua mchele, nikaingia chumbani na simu. Ikaita sana. Ikapokelewa.

"Haloo, shikamoo." Sauti ya mtoto wa kike, mdogo.

"Marahaba. Naomba kuongea na..." Nikakwama. Sikujua nimwite nani. "Mwenye simu yupo?"

"Baba? Yuko nje anafunga mizigo. Kesho tunasafiri."

"Mnaenda wapi?"

"Morogoro kwa bibi. Mama anapika maandazi. Tunapita mbugani. Unapajua mbugani?"

"Napajua."

"Mie nakaa dirisha la huku, na baba la huku." Nadhani alikuwa ananionyesha kwa mkono. "Tunahesabu. Mwaka jana nilimshinda, niliona hondohondo yeye anasinzia. Akaandika lakini. Anaandika hata nikiona mwenyewe. Na mama aliona sungura, sie hatukumwona, baba akaandika tu."

Nilikuwa nimeshika ukingo wa kitanda. Kwa mbali nilimsikia baba, uani huko, akiuliza ni nani kwenye simu. Sauti ileile.

"Wewe nani?" mtoto akauliza. "Nimwite?"

"Hapana," nikasema. "Samahani, nimekosea namba."

"Haya dada. Kwaheri."

Nikakaa pale mpaka adhana ya magharibi ikaisha. Nilitaka kumchukia yule mtoto, nikashindwa, ana sauti ya mtu ambaye hatalala kwa furaha, na ameniamkia vizuri. Nilipotoka kurudisha simu, mama hakuinua kichwa, vidole vinaendelea kutoa chuya.

"Amepokea?"

"Amepokea mtoto wake."

Mama akatupa kijiwe uani. Akapepeta kidogo. Halafu akauliza, bila hasira, kama mtu aliyechoka kubeba kitu peke yake, "Yule mkubwa au yule mdogo?"

Nimekaa siku kadhaa nikitafuta namna ya kukuandikia. Watu wakikumbuka utoto wao husema mto ulikauka, shamba likauzwa, wazee wakafa, na msomaji anaelewa kilichopotea ni nini. Mie siwezi kusema hivyo. Mbuga ipo, mabasi yanapunguza mwendo palepale kila siku, twiga wamesimama. Baba yupo na afya yake, na nasikia hata ucheshi wake upo. Orodha ipo, inaendelea, na imekuwa na huruma kuliko ilivyokuwa kwetu. Hakuna kilichokufa. Katika vyote vile, aliyeondolewa ni mie na mama, na nafasi yetu haikubaki tupu hata kidogo.